Wapenda mitindo tunaopenda kula nje Dar: unavaa nini, unakula wapi?

MshonoMpya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu ndani kuna nyuzi za mishono na kuna nyuzi za misosi, na kila uzi una wenyewe. Mimi napenda vyote viwili, na kwangu ni jambo moja. Nikishaamua nakula wapi ndipo najua nivae nini, na siku nyingine mshono mpya ndio unaonitoa nyumbani kwenda kula. Nataka tuliongee kwa kirefu, maana naona wengi tunabahatisha.

Hoja yangu ni hii. Katika jiji hili hakuna mahali nguo yako inaangaliwa kwa muda mrefu kama mezani. Barabarani watu wanapishana na wewe. Ofisini wamekuzoea. Harusini macho yote yako kwa bibi harusi. Mezani mtu amekaa mbele yako saa nzima au mbili, na anachokiona ni kuanzia kiunoni kwenda juu. Halafu sisi hela zote tunamalizia kwenye viatu na pochi, vitu vinavyokwenda kukaa chini ya meza! Kwa mtoko wa kula, hela na akili viende kwenye shingo ya nguo, mabega, mikono, hereni, kilemba na kucha. Kiatu kiwe kinachokuwezesha kutembea, basi.

Halafu kuna chakula chenyewe. Vyakula vyetu vingi vitamu vinaliwa kwa mkono. Mikono mipana inayomwagika hadi kwenye kiganja inapendeza kwenye picha, lakini mbele ya wali na mchuzi wa nazi utakula kwa wasiwasi mpaka mwisho. Nguo zangu zote za mtoko naagiza mikono iishie chini kidogo ya kiwiko. Ukinawa hailowi, bangili inapata nafasi yake, na unapopeleka tonge mdomoni anayekutazama anaona mkono wako na bangili yako, siyo kitambaa kinachohangaika.

Kwa mjini kati, mimi naanzia Mtaa wa Uhuru kwenye maduka ya khanga na vitenge, alasiri jua likishapoa. Hapo unashika kitambaa, unakikunja, unakitoa nje ukione kwenye mwanga wa kweli. Ukimaliza unakuja Mnazi Mmoja, unavuka Bibi Titi Mohamed, unaingia Kisutu kwa miguu. Jioni kona ya Morogoro Road na Mtaa wa Libya pale Mamboz wanachoma kuku, meza ziko nje kando ya barabara. Ni moshi, mkaa, ndimu na pilipili hadi kwenye kucha. Nguo ya pale ni kitenge cha pamba chenye rangi nzito na maua yaliyosongamana, kwa sababu tone la mchuzi likiangukia kwenye maua ya kitenge cha wax hata wewe mwenyewe utalitafuta. Kilemba kifunike nywele zote, moshi wa kuku ukikaa kwenye nywele unalala nao. Polista usiivae karibu na jiko la mkaa. Cheche moja tu na una tundu lenye kingo ngumu ambalo fundi hawezi kulificha.

Coco Beach ni habari nyingine. Mihogo ya kukaanga, kachumbari, ukwaju, mishikaki, na upepo usiokuwa na adabu. Sketi ya kufunga itafunguka, dera litajaa upepo. Vaa kitu chenye uzito chini, suruali pana ya lineni au gauni lenye pindo zito, na ndala nzuri kwa sababu ya mchanga. Rangi nyeupe inakubali pale, muhogo hauna mchuzi wa kumwagika.

Masaki na Slipway sitazungumza sana. Wengi mnakujua, mnakula kwa uma na kisu, na kiyoyozi kikiwa kikali unajitanda mtandio wako. Mimi moyo wangu uko mitaa ile ambako kitambaa na chakula vinauzwa hatua chache kutoka kimoja hadi kingine.

Karibuni, leteni na zenu.

Mjukuu wa Gerezani

Dada mleta uzi, nakuheshimu, ila mbona unawapa watu presha? Mtu ametoka kazini ana njaa, anataka zege lake, yaani chipsi mayai, na soda baridi, sasa aanze kufikiria mabega na kilemba? Chakula ni chakula. Mimi nikienda kula naangalia sahani, simwangalii mtu kavaa nini.

MshonoMpya

Kaka yangu, mwenye njaa ale kwanza, hilo halina ubishi. Sizungumzii chakula cha kuondoa njaa. Nazungumzia ile siku umeamua unatoka, na mtu unayempenda au na rafiki zako mlioachana tangu shule. Siku hiyo umemtengea mtu muda wako. Kuvaa vizuri ni sehemu ya kumwambia hivyo. Na zege ukilila umevaa shati safi lililopigwa pasi linabaki kuwa zege lilelile, tena unalila kwa raha zaidi.

Fundi wa Temeke

Mleta uzi umegusa penyewe. Mimi ni fundi cherehani, naongezea upande wa ufundi.

Wateja wengi wakija kujaribu nguo wanasimama mbele ya kioo, wanageuka kushoto na kulia, wanalipa, wanaondoka. Mimi naweka kiti. Namwambia, dada kaa, egemea mbele kama unachota chakula, sasa nyoosha mkono. Hapo ndipo ukweli unaonekana. Gauni lililombana vizuri akiwa amesimama linampanda tumboni akikaa, vifungo vinafunguka midomo, shingo inaachia kifua akiinama. Nguo za maonyesho, kama zile za Swahili Fashion Week ambayo Mustafa Hassanali aliianzisha mwaka 2008, zinaonyeshwa na mtu anayesimama na kutembea. Ni kazi nzuri na mafundi tunajifunza mengi pale. Lakini wewe unakwenda kukaa na kula, mwambie fundi wako hivyo kabla hajashika mkasi.

Cha kuagiza ni kiuno chenye mpira nyuma tu, mbele pabaki bapa. Ukishiba kinakufuata, na kwa mbele hakuna anayejua. Zipu iwe ubavuni badala ya mgongoni, ukiegemea kiti haikuchomi. Bitana iwe ya pamba, siyo ile inayoteleza na kushika jasho. Na mwambie aache akiba ya kutosha kwenye mishono ya ubavuni, mwili unabadilika na kitenge kizuri kinadumu miaka.

Kuhusu kitambaa, wapo wanaouziwa polista wakaambiwa ni pamba. Chomoa uzi mmoja pembeni, uuwashe. Pamba inaungua kama karatasi, inabaki jivu laini. Polista inayeyuka na kufanya kidonge kigumu cheusi. Na wax ya kweli ukiigeuza, rangi nyuma na mbele zinakaribia kulingana. Ile iliyochapwa upande mmoja nyuma yake ni hafifu, na ukiishona kola ya kugeuza utaiona aibu yake.

Mama Tabata

Wanangu hamjambo. Napita tu lakini uzi huu umenikalisha.

Mbona hakuna aliyetaja khanga? Sisi tulitoka na khanga kwenye mkoba, na mpaka leo siendi kula mahali bila upande mmoja wa doti. Ukikaa unaitandika mapajani, mji wa khanga, ile sehemu ya katikati, uangalie juu, pindo zishuke pembeni. Hiyo karatasi nyembamba wanayokupa kwenye mgahawa haizuii mchuzi wa samaki. Upepo ukija unajitanda, jua likiwaka unajifunika, na ukiwa na mtoto wa watu anayesinzia unamfunika. Kisha chagua jina. Ukikaa mezani jina la khanga linasomeka, watu watalisoma kabla hawajakusalimia, basi liwe neno unalolimaanisha. Usiende kula na wakwe na khanga ya mafumbo.

Sasa madoa, maana naona mnaogopa rangi nyeupe bure. Doa la manjano ukilipiga sabuni ya mche linageuka jekundu, wengi wanashtuka wanadhani wameharibu nguo. Wala haijaharibika. Suuza, ianike juani ikiwa na unyevu, jua ndilo dawa ya manjano. Doa la mafuta, kama la pilau au mshikaki, usilitie maji kwanza. Linyunyizie unga au poda ya mtoto, liache linyonye, kung'uta, ndipo upake sabuni ya kuoshea vyombo. Chai suuza hapohapo kwa maji baridi. Maji ya dafu yanakudanganya maana hayana rangi, yakikauka yanageuka kahawia na hayaondoki tena. Bibo, lile tunda la korosho, ndilo baya kuliko yote, hilo ukilila vaa nguo ya shamba.

MshonoMpya

Shikamoo mama! Asante sana. Hiyo ya kutomwagia maji doa la mafuta nitaipeleka mpaka kwa wadogo zangu.

Kaka Lineni

Mbona mnawaongelea dada zetu tu? Na sisi wanaume tuna haki.

MshonoMpya

Kweli kaka, na nina jambo la kusema juu ya wanaume. Nenda Ijumaa mchana baada ya swala, Kisutu au Kariakoo, sehemu yoyote yenye biriani. Utawakuta wazee wamevaa kanzu nyeupe na kofia zilizodariziwa, mbele yao biriani limejaa mchuzi mwekundu, na wanainuka kanzu ikiwa nyeupe vilevile. Mtazame mmoja kwa utulivu. Kwanza anakunja mkono wa kulia mara mbili, siyo mara moja, ule wa kushoto anauacha. Anavuta kiti mpaka kifua kinakaribia meza. Sahani anaisogeza iwe karibu na yeye, mkono hausafiri mbali. Anachukua tonge dogo kwa ncha za vidole vitatu, kiganja hakiguswi. Kofia haivui wala haigusi kwa mkono anaokula nao. Kuvaa nyeupe na kula biriani kwa utulivu ule ni umaridadi, na hakuna mahali unafundishwa isipokuwa kwa kuwatazama.

Kwa vijana, shati la kitenge la mikono mifupi lililokatwa mabega sawasawa linatosha mahali pote, kuanzia Coco hadi Masaki. Suti ya Kaunda imerudi na inakaa vizuri mezani kwa sababu haina tai ya kuingia kwenye supu.

Mswahili wa Hurumzi

Nyie wa Dar mnajisahau kwamba bahari mnavuka tu. Njooni Unguja. Jioni Forodhani taa zikiwashwa, vaa kitu chepesi cha pamba, mabega na magoti yafunikwe kwa heshima ya mji, na mkono mmoja uwe huru, kwa sababu pale unakula umesimama au umekaa kwenye ukingo. Pochi iwe ya kuvaa begani kupita kifuani. Urojo unakuja na rangi yake ya manjano kutoka bakuli hadi kijiko, kwa hiyo ile dawa ya mama wa Tabata ya jua ishikeni.

Ukitaka mtoko wa kuvaa haswa, panda juu ya paa la hoteli ya Emerson on Hurumzi. Pale mnakaa chini kwenye mazulia na mito, viatu mnavua. Sasa fikirieni yale aliyosema fundi juu ya kiti. Chini ni zaidi ya kiti! Sketi ya kubana haifai hata kidogo, utakaa upande mmoja usiku kucha. Kaftani pana, au suruali ya kitambaa laini na kanzu fupi juu, hapo unakunja miguu unavyotaka. Na kwa vile miguu iko wazi, hina ionekane. Kikuba na asmini vinanukia vizuri kwenye upepo wa paa, lakini usimwage manukato mengi ukakizima chakula cha mwenzio.

Bint Kibokoni

Salamu kutoka Mombasa. Kwetu huku ile safari ya kitambaa na chakula ni mtaa kwa mtaa. Biashara Street ndiko kwenye leso, yaani khanga zenu, na duka la Kaderdina Hajee Essak lenye chapa ya Mali ya Abdulla lilianza mwaka 1887, bado watu wanatoka mbali kulifuata. Ukinunua leso pale nje wapo mafundi wanaokupindia kingo hapohapo, unangoja kidogo, unaondoka nayo tayari kuvaliwa.

Mimi nikienda huenda asubuhi, kwa sababu nataka mbaazi za nazi na mahamri yakiwa moto kabla ya jua kali. Nguo ya asubuhi ni dera la pamba lisilo na mbwembwe, na leso mpya mabegani. Jioni ni Mama Ngina, Lighthouse, viazi karai na mihogo yenye ndimu na pilipili, na buibui langu jeusi linafaa mno. Tatizo la kule ni mabuyu. Rangi yake nyekundu inashika vidole, midomo na kila ulichokigusa, na mtu mwenye mtandio mweupe ajiepushe nayo mpaka amalize kupiga picha zake. Kwa kucha, paka rangi nyekundu iliyokolea siku hiyo, itaficha.

Msee wa Embakasi

Sisi Nairobi baridi inatupangia nguo. Mwezi wa saba jioni huwezi kukaa nje na shati la kitenge pekee. Lakini nyama choma Kenyatta Market ina moshi, na koti la sufu au la jinzi likishika ule moshi linanuka wiki. Ninachofanya ni kuvaa sweta jembamba la pamba linalofulika, na juu yake jaketi la mtumba kutoka soko la Toi ambalo nitalivua na kulikunja upande wa ndani nje kabla jiko halijaanza. Toi nenda asubuhi wakifungua mabelo, nguo kamera, zile za daraja la kwanza, zinaisha mapema. Na ukienda kwa Mama Oliech kula samaki na ugali, lazima unawe na ule kwa mkono, kwa hiyo saa kubwa iache nyumbani. Mchuzi ukiingia kwenye mkanda wa ngozi hautoki.

Mjukuu wa Gerezani

Nimesoma mpaka hapa na nimeanza kuelewa. Swali langu ni hela. Hivyo vyote vya kuagiza kwa fundi na kula nje wikiendi, mtu wa mshahara wa kawaida anaviwezaje?

MshonoMpya

Swali zuri, kaka, na ndiyo maana nimeanza na Mtaa wa Uhuru badala ya maduka ya vioo. Kitenge kimoja kizuri cha pamba, kikakatwa kwa akili, kinakupa gauni na kilemba, na mabaki yanatosha pochi ndogo. Hiyo ni mitoko mingi, kwa sababu kilemba kile utakivaa na shati jeupe siku nyingine na watu waone nguo tofauti. Mashati nayo nenda Karume Ilala, kwenye mitumba. Tafuta pamba na lineni, angalia makwapa, kola na ncha za mikono kabla hujauliza bei, kwa maana hapo ndipo nguo inachakaa. Likikupwaya mpelekee fundi alipunguze mabega na mikono, gharama yake ni ndogo na shati linaonekana limeshonwa kwa ajili yako.

Na chakula chagua meza ya bei unayoiweza. Muhogo wa Coco ukiwa umependeza ni mtoko kamili. Mimi nilichokiona ni kwamba wanaoumia kifedha ni wale wanaovaa kwa ajili ya mahali pa ghali, kisha wanalazimika kulipa bei ya mahali pale ili nguo ipate pa kwenda.

Dada Mbagala

Jamani mnisaidie haraka, ni dharura. Ijumaa hii mchumba wangu kanialika biriani Kariakoo mchana, tutakuwa na dada yake kwa mara ya kwanza. Nina gauni la hariri rangi ya krimu, mikono mirefu, nimelishonesha mahsusi. Nimelipenda mno. Nilivae au nisilivae?

Mama Tabata

Mwanangu, hariri na biriani havijawahi kupatana. Jua la kuondoa manjano kwenye pamba litaiua hariri yako.

Fundi wa Temeke

Mikono mirefu ya hariri ukiikunja inabaki na mikunjo isiyopendeza. Bora isikunjwe kabisa.

MshonoMpya

Mdogo wangu, usiliache gauni na usiliharibu. Mwombe mchumba mhamishie mtoko jioni, mahali mtakapokula samaki wa kuchoma au mishikaki mikavu kwa uma, hapo krimu itang'aa kwenye taa na dada yake atakuona vizuri. Kama Ijumaa mchana haihamishiki, vaa kitenge chako kizuri kuliko vyote, mikono mifupi au ya kiwiko, kilemba cha krimu ili kupata ile rangi uliyoitaka karibu na uso, hereni kubwa, bangili mkono wa kushoto tu ili wa kulia uwe wa kula. Chukua na upande mmoja wa khanga kama alivyosema mama, na ukifika mtangulie kumtandikia wifi yako mapajani kabla hujajitandikia mwenyewe. Gauni la hariri litasubiri chakula chake.

Ukirudi weka picha humu, ya kitenge na ya sahani.